Kinga ya kupinduka kwenye lori la mafuta: jinsi ya kuikagua na kuiagiza kabla hujalipa

Kila mwezi karakanani kwetu Miritini, Mombasa, huingia mtu yuleyule, sura tu ndiyo hubadilika. Kichwa cha lori anacho, ameona trela ya tangi ya mkono wa pili, bei imemkaa vizuri, na maswali yake ni matatu. Zile reli mbili zinazopita juu ya tangi ni za nini? Lazima ziwepo? Na fundi akinichomelea paipu mbili za maji pale juu, si yatosha?

Kwa ufupi: reli ni za kulinda mifuniko na vali za juu. Ndiyo, ni lazima. Na la, paipu za maji hazitoshi, na hesabu yake utaiona hapo chini.

Kwanza tuelewane. Kinga hii haizuii lori kupinduka. Lori likilala ubavu pale mteremko wa Mazeras, au likigeuka miguu juu, kitu cha kwanza kugusa lami ni kile kilichojitokeza zaidi juu ya tangi. Bila reli, ni mifuniko ya manholi (midomo mikubwa ya juu ya tangi), vali za kupumua na mabomba ya mvuke wa mafuta. Mfuniko mmoja uking'oka, chumba kizima cha mafuta kinamwagika. Kazi ya reli ni kugusa lami kabla ya mfuniko na kubeba mzigo bila kukatika. Ikipinda, sawa. Ikitoboa tangi, ni heri isingekuwepo.

Mwongozo huu ni wa matangi ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Matangi ya gesi ya kupikia ni habari nyingine kabisa, ganda lake ni nene na vali zake hukaa kivingine, kwa hiyo usichukue vipimo vya hapa ukavipeleka kule.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Ngazi imara na mkanda wa usalama. Juu ya tangi ni zaidi ya mita tatu, na pale pana mafuta na utelezi.
- Uzi mrefu wa fundi, futi, na pima maji.
- Tochi isiyotoa cheche, brashi ya waya ya shaba na kitambaa.
- Chupa za ile rangi nyekundu ya kuonyesha nyufa pamoja na poda yake nyeupe.
- Kipima unene wa chuma. Ukikosa, kodi kwa siku moja.
- Nakala ya mchoro wa tangi na cheti cha majaribio ya shinikizo. Muuzaji akikwambia karatasi zimepotea, punguza bei akilini mwako au ondoka.
- Simu ya mhandisi aliyesajiliwa. Hesabu ya hatua ya 5 si ya kufanywa na mimi wala na binamu yako.

Grainda na mashine ya kuchomelea usivilete bado. Ukaguzi hauna moto.

Hatua ya 1: Soma kibao

Kila tangi la maana lina kibao cha chuma, mara nyingi ubavuni upande wa mbele au nyuma. Tafuta kanuni iliyotumika kulijenga, mwaka, shinikizo la majaribio, aina ya chuma na unene wa ganda. Matangi yaliyotoka Ulaya huwa yamejengwa kwa mkataba wa ADR, ule wa kusafirisha bidhaa hatari kwa barabara. Yale ya mtindo wa Marekani huandikwa DOT 406, au MC 306 kama ni ya zamani.

Kwa nini ujali? Kwa sababu kanuni hizi mbili husema jambo moja kwa lugha mbili. ADR inataka vifaa vya juu vilindwe dhidi ya kupinduka, na inakubali njia mbalimbali: pete za kuimarisha, vifuniko vya kinga, au pau za urefu na za kukata upana, mradi umbo lake litoe ulinzi wa kweli. Marekani wao wanatoa namba: kinga ibebe mzigo sawa na uzito wa gari la tangi lililojaa mara mbili, ukisukuma wima kuelekea kwenye ganda, na kisha mzigo huohuo ukisukuma kwa ubavu kutoka upande wowote. Ukiwa na reli zaidi ya moja, kila moja ibebe sehemu yake, na isipungue robo ya ule mzigo wa ubavu. Mimi hutumia namba hizo hata kwa tangi la Ulaya, kwa kuwa namba hazibishaniwi.

Leseni ya kusafirisha mafuta hapa Kenya hutolewa na EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, basi orodha ya mahitaji ya sasa ichukue kwao moja kwa moja, usiichukue kwa dalali.

Hatua ya 2: Panda juu, vuta uzi

Waswahili husema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Huku kwetu cha kutafutwa kiko juu, sharti upande. Nimeona watu wakinunua tangi la mamilioni bila kuinua mguu kwenye ngazi.

Shika uzi juu ya reli ya kulia, msaidizi wako aushike juu ya reli ya kushoto, muukaze. Sogeeni nao kutoka mbele hadi nyuma. Hakuna mfuniko, vali, bomba wala kishikio kinachopaswa kuugusa. Kisha wekeni uzi kwa urefu, mwisho hadi mwisho, mkague hivyohivyo. Mimi hutaka nafasi ya vidole vitatu kati ya uzi na kifaa kirefu kuliko vyote, kwa sababu reli itabonyea kidogo itakapogusa lami.

Angalia pia ncha za mbele na nyuma. Lori likipinduka halitui pale pale, huburuzika. Reli iliyokatwa wima kama kisu itanasa lami na kung'oka. Ncha ziinamishwe kama omo ya jahazi, na pawe na pleti inayounganisha reli mbili mbele na nyuma, ili vifaa vikae ndani ya boksi lililofungwa pande zote nne.

Onyo: vile vyuma vya kushika mkono vinavyokunjwa, pamoja na njia ya kutembelea, si kinga ya kupinduka. Ni vya kumzuia utingo asianguke. Wauzaji huvionyesha kwa kidole kwa kujiamini sana.

Hatua ya 3: Chunguza reli ilipokutana na ganda

Hapa ndipo kazi mbovu hujificha. Ganda la tangi la chuma cha kawaida ni jembamba. Kwa ADR ni milimita 5 kwa tangi lenye kipenyo kisichozidi mita 1.80, na milimita 6 kwa kubwa zaidi. Likiwa na kinga ya ziada dhidi ya kugongwa huruhusiwa kushuka hadi 3 na 4. Ukichomelea reli moja kwa moja juu ya ganda la milimita 4, siku ya ajali reli haitakatika. Itaondoka na kipande cha tangi.

Ndiyo maana reli hukaa juu ya kitako, yaani pleti iliyolazwa juu ya ganda ili kutawanya nguvu. Kagua mambo haya:

Unene wa kitako usipungue ule wa ganda, wala usizidi mara moja na nusu ya ganda. Watu hushangaa kuhusu kikomo cha juu. Kitako kinene mno ni kigumu kuliko ganda, kwa hiyo ganda hupasuka pembezoni mwake.

Kitako kitokeze angalau sentimita 5 kila upande kutoka pale reli inaposhika.

Pembe ziwe za mviringo. Pembe kali ndipo ufa huanzia.

Mshono uzunguke kitako chote, isipokuwa upenyo mdogo sehemu ya chini kabisa wa kutolea maji. Fundi asiyejua huuziba upenyo huo akidhani ulisahaulika.

Sugua kwa brashi, safisha, puliza rangi nyekundu, ngoja, futa, kisha puliza poda nyeupe. Mstari mwekundu ukijitokeza kwenye poda, hapo pana ufa. Fanya hivi hasa pale rangi ya tangi inapoonekana mpya kuliko kwingine. Mwaka mmoja mteja alinileta nikague tangi lililong'aa kama bibi harusi. Nilipokwangua rangi juu ya vitako nikakuta pati ya kunyoshea bodi za magari imejazwa kwenye nyufa. Muuzaji alisema hajui imefikaje pale.

Hatua ya 4: Mwaga maji

Reli mbili na pleti mbili zikifungana hutengeneza sinia juu ya tangi. Mvua za masika zikinyesha, sinia linajaa. Mafuta yakimwagika wakati wa kupakia kule Shimanzi, yanakaa mlemle. Kwa hiyo lazima kuwe na matundu na mabomba ya kutoa maji, yanayoshuka hadi mahali salama, mbali na chesi na mbali na ekzosi.

Mimina ndoo moja ya maji mbele na moja nyuma. Yatoke yote chini ndani ya dakika chache. Yakibaki, tafuta kiota, matope au bomba lililobonyea.

Mombasa hili lina uzito wa pekee. Upepo wetu wa chumvi ukikutana na maji yaliyotuama juu ya mshono, kutu hutafuna kitako kutoka chini, mahali usipopaona. Pitisha kipima unene kuzunguka vitako. Na kama tangi ni la alumini lakini reli ni za chuma zilizofungwa kwa bolti, kagua kila bolti: metali hizo mbili zikigusana kwenye unyevu wa chumvi, alumini huliwa na kugeuka unga mweupe.

Hatua ya 5: Piga hesabu, hasa ya ubavu

Chukua mfano wa trela ya ekseli tatu inayovutwa na kichwa cha ekseli tatu. Sheria ya mizigo ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu tani 50 kwa ekseli sita. Toa tani 9 za kichwa, trela iliyojaa ibaki tani 41. Mara mbili ni tani 82, yaani, kwa kipimo cha nguvu, takriban kilonyutoni 804.

Sasa fundi wa mtaani anapendekeza reli mbili za pleti ya milimita 6, kimo sentimita 20, urefu mita 10 kila moja. Mzigo wa wima unapita bila shida. Ukigawa kilonyutoni 804 kwa eneo la pleti zote mbili unapata chini ya nyutoni 7 kwa milimita ya mraba, kitu kidogo mno. Ndiyo maana fundi hujisifu: "Hii hata ukiweka nyumba juu yake."

Mgeuzie mzigo uwe wa ubavu. Kila reli inapokea nusu, kilonyutoni 402, ukisukuma juu kabisa, sentimita 20 kutoka kwenye ganda. Hiyo ni kilonyutoni-mita 80 za kuipinda. Pleti nyembamba iliyosimama peke yake haina nguvu ya kupinga kupindwa: ukigawa, mkazo unafika kama nyutoni 1,340 kwa milimita ya mraba, na chuma cha kawaida hukatika kwenye 400 hivi. Imezidiwa zaidi ya mara tatu. Reli italala kama ukurasa wa kitabu, na mifuniko itagusa lami.

Suluhisho haliko katika kununua pleti nene tu. Badili umbo: tumia boksi la chuma lililofungwa au pleti iliyokunjwa, na weka vibati vya pembetatu pande zote mbili kila baada ya hatua fulani. Umbali na ukubwa wake ni kazi ya mhandisi, naye atie sahihi. Kanuni ya Marekani inakubali mahesabu, majaribio, au vyote viwili.

Uzito? Zile pleti mbili tupu peke yake ni kama kilo 190, ambazo ni karibu lita 225 za dizeli usizobeba kila safari. Kinga kamili itakuwa nzito zaidi. Najua inauma, na ndiyo sababu wengine huzikata zilizokuwepo. Ukikuta alama za grainda juu ya vitako vitupu, ujue mwenye mali aliyepita alizibadilisha kwa lita.

Hatua ya 6: Mifuniko na vali nazo zijitetee

Tangi likigeuka, mafuta yote hukalia mifuniko kwa kishindo. Kwa kanuni ya Marekani mfuniko wa manholi uvumilie shinikizo la ndani la angalau kilopaskali 250, karibu mara mbili na nusu ya shinikizo la hewa, bila kuvuja wala kupinda kwa kudumu. Vali ya kupumua nayo ijifunge tangi linapogeuka. Ile ya Marekani hairuhusiwi kupoteza zaidi ya galoni moja, lita 3.8, kabla haijajifunga kwenye kishindo hicho. Tafuta alama ya mtengenezaji kwenye kila mfuniko. Mfuniko uliochongwa karakanani hauna alama, na hakuna ajuaye utabeba nini.

Hatua ya 7: Pima kama lori lenyewe linapenda kulala

Fupi hii. ADR inataka upana kutoka ukingo wa nje wa tairi la kulia hadi la kushoto usipungue asilimia 90 ya kimo cha kitovu cha uzito lori likiwa limejaa. Upana ukiwa mita 2.5, kitovu kisizidi kama mita 2.77. Mtu akiinua chesi au akibadilisha springi, kimo hicho kinapanda. Vilevile, chumba kisicho na kuta za kukata mawimbi kila lita 7,500 kijazwe angalau asilimia 80 au kisizidi 20. Nusu tangi ndilo humvuta dereva kwenye kona.

Hatua ya 8: Ndipo ulete moto

Onyo kubwa: tangi tupu la petroli ni hatari kuliko lililojaa. Mvuke wa petroli hulipuka ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa, na tangi "lililokauka" hukaa humohumo. Kumwaga maji na kuacha mifuniko wazi usiku kucha si kusafisha.

Liwe limefuliwa kwa mvuke wa maji, lipimwe kwa kipima gesi na mtu mwenye ujuzi, chumba kwa chumba, na lipimwe tena kila kazi inapoanza upya. Pima pia mahali watu husahau: kati ya kuta mbili za vyumba, chini ya vitako vilivyovuja, ndani ya mabomba, na ndani ya reli zenyewe. Kwenye matangi mengine ile reli ya boksi ndiyo njia ya kukusanyia mvuke. Mtu anayeikata akidhani ni chuma kitupu anafungua bomba la petroli.

Chomoa nyaya za betri na nyaya za umeme za breki. Kibano cha ethi, kile cha kurudishia umeme kwenye mashine ya kuchomelea, kikae karibu na mshono, kisipitishe umeme kwenye beringi. Mchomeleaji awe na cheti cha chuma kile kile. Wa alumini si wa chuma.

Hatua ya 9: Pima upya

Rudia majaribio ya shinikizo, rudia rangi nyekundu, rudia ndoo ya maji. Kama umegusa shingo ya manholi au mahali pa kuchovyea fimbo ya kipimo, rudi kwa Idara ya Vipimo wakupimie upya ujazo wa tangi. Vinginevyo utagombana na kila depo kuhusu lita.

Matatizo yanayorudi

*Mstari wa kutu unachuruzika chini ya kitako.* Upenyo wa chini umezibwa au mshono una ufa. Usipake rangi. Zibua, kausha, kagua kwa rangi nyekundu.

*Harufu ya petroli kwenye bomba la kutolea maji ya mvua.* Mfuniko au vali inavuja ndani ya sinia. Badilisha raba kwanza, hicho ndicho chanzo cha kawaida.

*Ekseli za nyuma zimezidi kwenye mizani ya Mariakani baada ya kuweka reli.* Uzito umeongezeka, mpango wa kupakia haukubadilika. Punguza lita kwenye chumba cha nyuma, usikate reli.

*Mkaguzi amekataa ingawa reli ni nzito.* Mara nyingi hana hesabu mkononi. Mpe karatasi ya mhandisi yenye mzigo wa wima na wa ubavu.

*Lori lilipinduka, reli zikafanya kazi, je, nizinyooshe?* La. Reli iliyopinda imeshatumia nguvu yake. Ikatwe pamoja na vitako, ganda lipimwe unene, na mifuniko yote iliyoguswa ibadilishwe hata kama inafunga vizuri. Na kabla hujafikiria karakana, fikiria watu. Sachangwan, Januari 2009, na Morogoro, Agosti 2019, wengi waliokufa walikuwa wanakijiji na wapita njia waliokuja na madumu baada ya lori kuanguka. Mfundishe dereva wako na utingo: wakitoka salama, wazime injini na swichi ya betri kama moto haujashika, waite msaada, wasogeze watu mbali upande upepo unakotoka, na asiruhusiwe mtu hata mmoja kufungua mfuniko "ili kupunguza mzigo".